Koili ya Kinyozi na Sikio la Mama Birika

Benchi letu ni mlango. Ulikuwa mlango wa jikoni kwa Mama Birika, na siku alipoweka mwingine akatuambia tuuchukue, amechoka kutuona tumekaa juu ya ndoo kama watu wanaosubiri kuhamishwa. Tukaulaza juu ya matofali pale kona, mbele ya kibanda changu cha viatu. Kitasa hatukukitoa, kwa sababu kila mmoja alisema mwenzake ndiye atakitoa. Wenyeji tunajua pa kukaa. Mgeni ndiye hukalia kitasa. Kulia kwangu hukaa Waya, fundi redio, mtu mwembamba mwenye vidole vilivyoungua kwa chuma cha kuchomelea. Anayefuata ni Besi, aliyekuwa akipiga muziki kwenye maharusi hadi vijana wenye kompyuta walipomstaafisha. Spika zake bado anazo, na kila anachosema anakisema kama ukumbi umejaa. Mwisho ni Kinyozi, ambaye duka lake liko hapo hapo ubavuni, kwa hiyo hukaa nasi huku mteja wake akimngoja ndani na povu kidevuni. Mimi wananiita Gundi. Mama Birika mwenyewe hukaa upande wa pili wa jiko lake la mkaa, akitumiminia kahawa. Sikio lake la kulia limekufa kabisa. La kushoto linafanya kazi kwa kusukumwa.

Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa motomoto na ugomvi vilevile. Katikati ya benchi kulikuwa na kipande cha mbao kilichojaa waya, transfoma moja ya zamani, kapasita mbili nene kama vidole gumba, na kati ya kapasita hizo pengo. Nyaya mbili zilichomoza hapo, zimeachwa wazi, zikisubiri tuamue. Kando yake, chini, limesimama kabati la spika la Besi, lile lililowahi kuchezesha harusi mbili kwa wakati mmoja, moja ukumbini na nyingine ng'ambo ya barabara bila kukusudia.

BESI: Hapa hakuna mjadala. Panataka koili.

WAYA: Panataka resista.

BESI: Waya, ndugu yangu, wewe umezoea viredio vya kubeba mkononi. Hiki ni chombo. Chombo kinataka koili.

KINYOZI: Na koili ipo. Nimeitoa mwenyewe, kwa mkono wangu.

Alikuwa ameitoa kweli. Ilikuwa koili ya ile taa ndefu ya dukani kwake, kile kipande kizito cha chuma na waya kinachokaa juu ya taa na kunguruma. Aliposikia tu kwamba Besi anatafuta koili, hakungoja kuombwa. Alipanda kwenye kiti cha kunyolea, akafungua taa yake, akatuletea moyo wake umefungwa kwenye taulo. Tangu siku hiyo alikuwa akinyoa kwa mwanga wa mlangoni, wateja wamegeuzwa kutazama barabara kama bidhaa. Ukiona mtu mtaani kwetu wiki ile ana kidevu cha pande mbili tofauti, ujue ametoa mchango wake.

Mtauliza yote haya ya nini. Mama Birika ana mtoto mmoja, wa kiume, anafanya kazi mbali, kwenye kiwanda cha majokofu. Kila wiki humtumia mama yake ujumbe wa sauti kwenye simu. Mama hawezi kuusikia. Hospitali walishampa kifaa cha sikio, kikawa kinampigia mluzi siku nzima, akakivua na kukifungia kabatini. Kwa hiyo simu huletwa kwangu. Mimi husikiliza, halafu namwambia kwenye sikio la kushoto, na sikio hilo haliambiwi, linapigiwa kelele. Mtaa mzima ulijua kijana ameng'olewa jino. Mtaa mzima ulijua ameunguza wali akalala njaa. Muuza mkaa aliwahi kumuuliza Mama hali ya godoro jipya la kijana kabla mimi sijafika kwenye habari ya godoro.

Na Mama alikuwa akicheka. Ila alicheka wa mwisho. Sisi tulikuwa tumeshacheka, tumeshamaliza, ndipo habari za mwanawe zikamfikia.

Ijumaa ya kabla ya hapo akanipa simu kama kawaida. Nikaiweka sikioni. Kijana akasema, "Shikamooni wazee wangu wa kijiweni. Leo nina ombi, na msinielewe vibaya. Haya ya leo nataka mama ayasikie mwenyewe."

Nikazima hapo hapo. Sijisifu mara nyingi, lakini siku hiyo najisifu, kwa sababu mimi ni mtu wa umbea. Nikamwinamia Mama, nikamwambia mwanao amesema haya uyasikie wewe.

Mama akaichukua simu, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Basi nitayasikia mimi," akasema. "Sijui kwa njia gani, ila nitayasikia."

Kinyozi alimjaribishia vile visikilizio vyake vya simu. Mama alivivumilia kidogo akasema anasikia mende kwenye kiberiti. Hapo Waya akasema suala ni nguvu, simu haina nguvu ya kulisukuma sikio lile, yeye ataunda amplifaya ya kuikuza sauti. Na hakuna aliyeuliza kwa nini sisi. Nilipolazwa na mapafu yangu, birika lilifika wodini kila asubuhi, na wauguzi nao wakanywa. Kinyozi alipofiwa na mkewe, Mama alikaa kwake mpaka watoto walipozoea. Besi alipokosa kazi, alikunywa hapa mwaka mzima akidai amesahau pochi, na Mama akidai ameamini. Waya ndiye hasemi alifanyiwa nini. Lakini kila akipewa kikombe hukipokea kwa mikono miwili. Mtu kama huyo ukipata nafasi ya kumfanyia kitu, unashukuru kwanza kwa kupata nafasi.

Kwa hiyo tukawa tunagombana kwa moyo mmoja.

MIMI: Waya, nieleze mimi nisiyejua. Hilo pengo ni la nini?

WAYA: Umeme wa ukutani unayumba, Gundi. Transfoma inaupunguza, diodi zinauelekeza njia moja, kapasita hii ya kwanza inajaza mabonde. Lakini bado una makunyanzi. Makunyanzi hayo yakifika kwenye spika ndiyo mvumo. Sasa hapa kwenye pengo, kabla ya kapasita ya pili, unaweka kitu cha kuyazuia.

MIMI: Na resista inazuiaje?

WAYA: Inabana. Umeme unapita kwa taabu, na kapasita ya pili inapata nafasi ya kuunyoosha. Ni kitu kidogo, rahisi, hakina makuu.

BESI: Inabana vyote! Umemsikia? Uliotulia unabanwa, unaoyumba unabanwa. Kama bawabu anayemzuia mpaka bwana harusi. Koili haina ujinga huo. Umeme uliotulia inaupitisha, unaoyumba inaukatalia. Kweli si kweli?

WAYA: Kweli.

BESI: Sasa?

WAYA: Sasa koili ni nzito, inatupa sumaku pembeni, na hiyo ya Kinyozi ilitengenezwa kwa ajili ya taa. Haijui kazi hii.

KINYOZI: Koili yangu isisemwe vibaya. Imefanya kazi kwangu bila kukosa siku. Na mimi naona kuna jambo hamlisemi. Resista inapata moto, si ndiyo?

WAYA: Ndiyo, ukipitisha mwingi.

KINYOZI: Moto huo unatoka wapi? Ni maneno! Resista inakula maneno ya kijana. Mama atasikia "ma" halafu "ma" nyingine hatasikia.

WAYA: Kinyozi, haiko kwenye njia ya maneno. Iko kwenye njia ya umeme.

KINYOZI: Maneno yanapanda umeme gani, wa kwao?

Waya akanywa kahawa. Namwelewa. Kuna hoja ukizijibu unazipa heshima.

BESI: Basi tujaribu. Tuache midomo. Weka resista yako tusikie.

Waya akaichomelea resista pengoni. Kutoka dukani kwa Kinyozi ukavutwa waya mrefu wa umeme, ukapita juu ya mguu wa mteja aliyekuwa anangoja, ukafika kwetu. Besi akachomeka simu yake mwenyewe, na badala ya kuweka sauti ya mtu anayezungumza, kama mtu mwenye akili angefanya, akaweka muziki wa ngoma nzito na kupandisha mpaka mwisho.

Kwanza kulikuwa kuzuri. Halafu kila ngoma ilipopiga, sauti yote ikawa inazama na kuibuka, inazama na kuibuka, na kutoka kwenye mbao kukapanda harufu.

MIMI: Kuna kitu kinaungua.

WAYA: Zima! Besi, zima!

Moshi ulikuwa mdogo, lakini Besi aliutazama kama mtu anayetazama bendera ya timu yake.

BESI: Nilisema nini?

WAYA: Umeipitishia mzigo wa ukumbi mzima!

BESI: Mama anastahili ukumbi mzima!

Hapo hatukubisha, maana alikuwa amesema kweli, ingawa kwa wakati usiofaa. Waya akaitoa resista iliyoungua, akaipuliza, akaitia mfukoni. Akaichukua koili ya Kinyozi kwa mikono miwili na kuifungia kando ya transfoma, ubavu kwa ubavu, kwa kuwa hapo ndipo palipobaki nafasi. Akawasha.

Mmmmmmmmm.

Hatukuwa tumeweka muziki bado. Ulikuwa mvumo mtupu, mnene, unaingia tumboni. Vikombe vikatetemeka kwenye trei. Na Mama Birika, ambaye huwezi kumwamkia mpaka umzunguke upande wa kushoto, akainua uso kutoka jikoni.

"Nani anasaga?" akauliza.

Tukatazamana. Lilikuwa jambo la aibu. Kati ya vyote ambavyo tungeweza kumfikishia yule mama, tulikuwa tumefaulu kumfikishia mvumo.

WAYA: Mnaona? Sikio lake linashika mvumo kabla ya maneno. Ukiubakisha hata kidogo, kijana hapati pa kupita.

BESI: Ni transfoma hiyo. Mbaya.

KINYOZI: Si transfoma. Wala si koili. Ni mwelekeo.

MIMI: Mwelekeo gani tena?

KINYOZI: Kijana yuko upande gani? Kule, si ndiyo? Kule kwenye tangi la maji, mbele kabisa, nchi za mbali. Na koili tumeielekeza wapi? Sokoni. Sasa sauti ya kijana itafikaje wakati koili inasikiliza soko?

WAYA: Kinyozi.

KINYOZI: Niacheni nijaribu tu. Koili ni ya nani?

Ilikuwa yake. Akaifungua, akaigeuza upande, ikatazamana na tangi la maji.

Mvumo ukashuka. Ulishuka sote tukiwa tunatazama, kama mtu aliyeambiwa anyamaze. Besi akaweka mkono kifuani. Mimi mwenyewe, na mimi si mtu wa kushtuka ovyo, nilitazama kule kwenye tangi.

KINYOZI: Eee?

WAYA: Sikilizeni. Imekaa mtambuka na transfoma sasa. Sumaku ya transfoma ilikuwa inaingia kwenye koili kwa sababu zimelala pamoja. Ukizipishanisha haziambukizani. Kijana hahusiki hata kidogo!

KINYOZI: Na kwa nini hukuipishanisha toka mwanzo?

WAYA: Nafasi ilikuwa ndogo.

KINYOZI: Nafasi. Haya.

BESI: Mimi nasema tuinue na mbao yote, tuielekeze tangini vizuri. Hata spika. Kabati nalo litazame kule.

MIMI: Kabati likitazama kule Mama atakuwa nyuma yake.

BESI: Basi Mama ahamie kule.

Mvumo ulikuwa umepungua lakini haujaisha. Ulibaki mwembamba, chini chini, na Waya aliinamisha sikio kwenye spika akatikisa kichwa. Ndipo nadharia zikapanda daraja. Besi akasema koili ya taa imezoea kutoa mwanga, kwa hiyo sauti ya kijana itatoka angavu, Mama ataona anachosikia. Kinyozi akasema mvumo uliobaki si wetu, ni wa majokofu ya kule kiwandani, umekuja ndani ya ujumbe, ingawa ujumbe tulikuwa hatujaufungua. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekaa kimya muda mrefu na hilo halinifai, nikasema tatizo ni mbao, kila chombo cha maana huvikwa ngozi, na ninayo ngozi nzuri ya ndani ya kiatu. Waya alinitazama kwa huzuni. Nadhani alikuwa amenihesabu kama mtu wa upande wake.

Ni wakati huo alipofika mwanamke mmoja na mfuko. Alikuwa mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma ya duka la nafaka, hata jina lake hatujalijua. Mimi humjua mtu kwa viatu, na viatu vyake vilikuwa vimelika kisigino upande wa nje, mtu anayetembea haraka na kufika mapema.

"Hamjambo," akasema. "Nimeelekezwa kwa fundi viatu."

"Umefika, dada. Karibu, kaa."

Akakaa juu ya kitasa. Akaruka. Sote tukatazama pembeni kwa adabu, na Mama Birika, ambaye huwa hakosi kitu cha kuona, akacheka na kumpa kikombe.

Yule dada akatazama mbao, nyaya, koili iliyotazama tangi la maji, moshi mdogo ambao bado ulikuwa haujaamua kuondoka, na kabati lililofika kiunoni.

"Mnatengeneza nini?" akauliza.

Tukamjibu sote pamoja. Besi alianza na koili, Kinyozi akaanza na taa yake, Waya akaanza na makunyanzi ya umeme, na mimi nikaanza na Ijumaa. Kwa bahati alinisikiliza mimi. Nikamweleza habari ya sikio, ya kijana, na ombi lake. Nikamweleza kwamba safari hii Mama atasikia mwenyewe, bila mtu kati. Nilimweleza vizuri.

Dada akatingisha kichwa kwa kuelewa. Akanywa kidogo. Akalitazama kabati tena.

"Sasa mkiwasha hilo," akasema, "si mtaa mzima utasikia?"

Tukalitazama kabati na sisi.

Nimekaa kwenye benchi hilo miaka mingi. Nimesikia tukijibu maswali ya dunia nzima: kwa nini mvua imechelewa, nani alimwoa nani, mwezi una uzito gani. Sikuwahi kusikia kimya cha namna ile. Waya alikitazama chuma chake cha kuchomelea. Kinyozi alikumbuka ghafla kwamba ana mteja, akainuka, akakaa tena. Besi alikuwa ameweka mkono juu ya kabati lake, na mkono ukabaki hapo, haujui uende wapi.

"Amesemaje?" akauliza Mama Birika.

Kila mmoja akainamia kikombe chake.

"Gundi. Mgeni amesemaje? Mbona mmekuwa hivyo?"

Nikamzunguka upande wa kushoto, nikainama. Nikamwambia, kwa ile sauti yangu ambayo muuza mkaa huisikia, kwamba mgeni anasema tukiwasha kabati lile mtaa mzima utasikia maneno ya mwanao.

Mama alinitazama. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka birika chini.

"Mimi nilidhani mtanifungia humo ndani," akasema. "Nilidhani ndiyo maana mmeleta kabati kubwa. Nikasema haya, wanangu wamefikiria, nitaingia, nitasikiliza, watanifungulia."

Tukacheka na sisi, lakini kicheko cha aibu, kile cha kutazama vidole vya miguu. Wiki nzima tumegombana juu ya kitu cha kuondoa mvumo ili maneno yatoke safi, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiria yatoke wapi, yaende wapi. Tulikuwa tunaunda kipaza sauti cha kutangaza siri. Afadhali hata mimi na mdomo wangu. Mimi nafika kwa muuza mkaa tu.

Besi ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alivuka barabara, akapotea nyumbani kwake, akarudi na mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na hedifoni zake za zamani, zile kubwa za kufunika sikio lote, alizokuwa akivaa akiwa juu ya jukwaa. Sponji zilikuwa zimechunika. Zilikuwa na alama ya wino mweupe, jina lake la kazi, ambalo sitalitaja kwa sababu alinisihi.

BESI: Hizi nilisema nitazikwa nazo. Waya, zitafaa?

WAYA: Zitafaa? Besi, hizi ndizo zenyewe! Vile visikilizio vya Kinyozi vilisukumwa na simu peke yake. Hizi tutazisukuma na amplifaya.

Akalitazama pengo lake pale katikati ya kapasita mbili, na nikaona uso wake unafunguka.

WAYA: Na zinakula umeme kidogo. Kidogo sana. Resista haitapata moto, haitabana chochote cha maana. Kwa kazi hii resista inatosha. Inatosha na kubaki.

Sote tukamgeukia Besi, tukingoja.

BESI: Kwa kabati, ingekuwa koili.

WAYA: Kwa kabati, ingekuwa koili. Nimekubali mbele ya watu.

BESI: Basi sijashindwa.

WAYA: Hujashindwa.

KINYOZI: Na mimi?

Waya akaifungua koili kutoka kwenye mbao. Akaifuta vumbi kwa shati lake, akaifunga kwenye lile taulo la Kinyozi, akampa kwa mikono miwili, vile anavyopokea kikombe.

WAYA: Wewe ulitoa kabla hujaombwa. Karudishe mwanga.

Kinyozi akaingia dukani. Tukamsikia akimwambia mteja wake ashuke kitini, apande yeye. Baada ya muda ile taa ikapepesa, ikapepesa, ikawaka, ikaanza na kunguruma kwake kwa kawaida. Mteja akajiona kwenye kioo kwa mwanga kamili na kulalamika kwa sauti.

Waya alichomelea resista mpya, ndogo kuliko punje ya maharage. Akavaa hedifoni, akafumba macho, akasikiliza utupu. Tukamtazama yeye kwa vile hatukuwa na kingine cha kutazama.

"Kimya," akasema. "Hamna hata mvumo."

Besi akazivaa, akasema kimya. Kinyozi akatoka na mashine ya kunyolea mkononi, akazivaa, akakubali ni kimya, lakini akasema ni kwa sababu mbao bado inatazama tangi. Tukamwacha.

Mama Birika alifungua pindo la kanga, akatoa simu. Besi akamvalisha hedifoni juu ya mtandio, polepole, akaiweka sawa ile ya kushoto. Mimi nikautafuta ujumbe wa Ijumaa, nikampa simu, nikamwonyesha pa kubonyeza. Waya akashika kitufe cha sauti, Mama akainua mkono kama anayeelekeza gari kurudi nyuma: ongeza, ongeza, ongeza. Halafu akakunja ngumi. Hapo hapo.

Tukageuka. Hakuna aliyetuambia, tuligeuka wenyewe, watu wazima wanne tumekaa juu ya mlango tunatazama ukuta wa duka la nafaka, na yule dada naye akageuka pamoja nasi, amekaa nusu kwenye kitasa ili asitusumbue. Barabara ilikuwa na kelele zake. Kutoka kwenye hedifoni hatukusikia kitu. Hata chembe.

Halafu tukamsikia akisema, "Ehe." Kisha, "Hebu!" Kisha akacheka, kicheko cha ghafla, cha msichana, ambacho katika miaka yote hii sikuwahi kukisikia kwake. Nikajikuta na mimi natabasamu ukutani, sijui kwa nini, na hapo ndipo ilipoingia akilini. Siku zote sisi tulikuwa tunajua atacheka nini kabla hajacheka. Safari hii alicheka, na hakuna mtu mtaani aliyejua.

Kinyozi alikuwa anafuta macho kwa taulo. Alisema ni nywele zimeingia. Waya alikuwa ameshika kikombe chake kitupu kwa mikono miwili.

Mama akausikiliza tena toka mwanzo. Halafu tena. Alipovua hedifoni mtandio ulikuwa umerudi nyuma, nywele zake za mbele zimesimama na macho yamelowa, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Akaifunga simu kwenye pindo la kanga, akakaza fundo.

"Ahsanteni, wanangu," akasema. "Ahsanteni sana. Na wewe mgeni, ahsante. Leteni vikombe."

Tukaleta vikombe. Akamimina. Alianza na yule dada, na hakuna aliyelalamika. Tukanywa. Tulikuwa na furaha, naisema kama ilivyo, tulikuwa na furaha mpaka hatuna la kubishania. Lakini kimya hakidumu kwenye benchi letu.

BESI: Ameposa.

KINYOZI: Hajaposa. Anarudi. Kile kilikuwa kicheko cha mtu anayerudiwa.

MIMI: Amepandishwa cheo.

KINYOZI: Mtu hacheki hivyo kwa cheo. Ni mapacha!

WAYA: Mapacha wa nani, na hajaoa?

KINYOZI: Ndiyo maana hakutaka Gundi ajue!

Besi alivumilia kadiri alivyoweza, yaani si sana. Akamwinamia Mama upande wa kushoto, akainua sauti yake ya ukumbini.

BESI: Mama! Kijana anasemaje?

Mama Birika akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Unasemaje, baba?"

BESI: NIMESEMA, KIJANA ANASEMAJE?

Muuza mkaa alisimama na mkokoteni wake. Mteja wa Kinyozi alitoa kichwa mlangoni. Mama alimtazama Besi kwa upendo mkubwa, akatikisa kichwa taratibu.

"Sikusikii, mwanangu," akasema. "Sikio hili nalo."

Akachukua birika, akalipindua juu ya mkaa ili tuone wenyewe kwamba kahawa imekwisha. Halikudondosha hata tone.